Nishikie Saa

Februari 4

Mwanangu Mama Dakika,

Mimi mzima, mgongo mbovu, jicho moja linafanya kazi na la pili linamsindikiza mwenzake. Hizo ndizo salamu, tuzipite.

Mzigo wako ulifika salama wiki mbili zilizopita. Sikuandika mapema kwa sababu mzigo wenyewe hautulii. Nilidhani nimeletewa mjukuu wa miaka mitano, kumbe nimeletewa kengele. Yule mkubwa wako nilipompa jina la Dakika mlinicheka, mkasema huu ni ufundi saa umenipanda kichwani. Sasa huyu mdogo hana jina linalomfaa ila Sekunde. Ukipepesa macho, amehama.

Asubuhi nampeleka chekechea, hapo nyuma ya duka la mbao. Saa sita namchukua, na mchana kutwa anakaa nami kibandani. Nimempa kopo la rangi alikalie, na nimempa kazi: kunipangia mikanda ya saa, ya ngozi huku, ya chuma kule. Anafanya vizuri kuliko yule kijana niliyekuwa naye mwaka juzi, ila maswali yake hayana adabu. Juzi kaniuliza, "Babu, saa ikifa inazikwa wapi?" Nikamwonyesha kopo la vyuma chakavu. Akachungulia ndani, akasema, "Na bibi yumo kopo gani?" Nilicheka mpaka lenzi ikanidondoka jichoni. Mama yako naye angecheka, Mungu amrehemu, maana alikuwa na roho ya kucheka hata pasipochekesha.

Ngoja nikupe kichekesho chenyewe. Sekunde amejivika mpira wa kufungia vitu kwenye kifundo cha mkono, anasema ndiyo saa yake. Mto wa kiti changu ukianguka, basi umekosa. Anauvua ule mpira taratibu, anampa aliye karibu naye, anasema kwa sauti nzito ya mzee wa mahakama, "Nishikie saa." Kisha anauchapa mto makofi, pa, pa, pa. Akimaliza ananyoosha mkono nyuma bila kutazama, arudishiwe saa yake. Wateja hoi. Jirani yangu Fundi Viatu kila jioni anamletea mashtaka mapya: "Sekunde, mto huu umenitukana mimi na ukoo wangu." Naye anavua saa. Sijui kaipata wapi, haka katoto. Ana kipaji cha kuigiza.

Mwambie Dakika aniandikie. Mwandiko wake unasomeka kuliko wangu, mimi niliyeachana na shule darasa la nne kwa kutopatana na mwalimu wa hesabu.

Baba yako,
Fundi Saa


Februari 15

Baba,

Shikamoo.

Nimefurahi kusikia Sekunde amezoea. Huku kazi ni ileile. Zamu za wodini sasa ni saa kumi na mbili mfululizo, na tangu dada aliyekuwa akinilelea watoto aondoke, nisingeweza kuwa na wote wawili. Nivumilie mpaka mwezi wa sita.

Ila huo mchezo wa mto naomba uukomeshe, Baba. Chanzo chake hakina ajabu yoyote. Mtoto anashinda kwenye kibanda ambacho watu wanavua saa na kukabidhi tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto huiga anachokiona. Makofi nayo, kila mtoto hupiga mito. Ninyi watu wazima ndio mmeunganisha viwili hivyo mkavifanya sinema. Tafadhali asichekewe tena, na huyo Fundi Viatu mwambie vivyo hivyo. Mtoto akichekewa hudhani amepatia.

Dakika hajambo. Hakuandika kwa sababu mkono wake wa kulia umeumia. Aliteleza kwenye ngazi. Umevimba kidogo tu, nimeufunga mwenyewe, usiwe na hofu. Miaka kumi na mmoja ni umri mgumu, Baba. Anajibu kila neno. Nikisema moja, ana mawili mdomoni.

Dawa ya mgongo uimeze baada ya kula, si kabla.

Mwanao,
Mama Dakika


Machi 1

Mwanangu,

Marahaba. Dawa naimeza baada ya kula, isipokuwa siku ninayosahau kula.

Leo sina kichekesho. Au ninacho kimoja kidogo: nimekalishwa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakanifika masikioni, nikakemewa na mwalimu ambaye umri wake ni sawa na saa ya ukutani kwangu. Mengine hayachekeshi.

Alhamisi mtoto mwenzake, binti pia, alimnyang'anya Sekunde chaki ya rangi. Sekunde hakulia, hakupiga kelele. Alivua ule mpira, akampa mtoto aliyekaa kando, akamwambia, "Nishikie saa." Kisha akampiga mwenzake kofi. La pili. La tatu. Yule binti akaanguka, akagonga meza, jino likatoka. Jino lenyewe lilikuwa linalegea, lakini hilo mama yake hataki kulisikia, na mimi ningekuwa yeye nisingetaka.

Mwalimu anasema kofi silo lililomtisha. Watoto hugombana kila siku kama vifaranga, wote wanalia na wote wanashtaki. Huyu alikuwa kimya. Halafu mtoto aliyepewa mpira aliushika kwa mikono miwili mpaka mwisho, hakuuweka chini, hakumwita mwalimu. Na Ijumaa yake, watoto watatu walikuja shule na mipira mikononi.

Mwalimu akaniuliza, "Babu, nyumbani kwenu nani huwa anavua saa?"

Nikajibu kama ulivyonifundisha: "Mwalimu, mimi fundi saa. Kwangu kila mtu anavua saa."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akasema, "Na wateja wako wakishavua, huwa wanafanya nini?"

Nilimwambia nitafikiri. Yeye kaniambia kofi jingine moja tu, Sekunde atabaki nyumbani, kwa sababu wazazi wa wenzake wameshaanza kuja mlangoni. Hiyo ndiyo hali.

Kitu kingine, si cha maana. Nilipokuja kwenu mwaka jana mlikuwa mnakaa nyumba ya chini, ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga. Nilijikwaa kwenye ndoo, sikujikwaa kwenye ngazi. Ni ngazi ipi hiyo aliyoteleza Dakika? Mimi mzee, huenda nimesahau.

Baba yako,
Fundi Saa


Machi 9

Baba,

Ngazi za shuleni kwao. Nilidhani hilo liko wazi.

Pole kwa usumbufu wa chekechea. Lakini ulipoandika mara ya kwanza ulikuwa unacheka wewe, wateja na jirani. Mmemshangilia mtoto mwezi mzima kwa kupiga, leo kapiga mnaniuliza mimi. Mimi huku sipo, ninafunga watu vidonda.

Naomba pia usinifundishe kulea. Mtoto akikosa lazima ajue amekosa. Dakika akiachwa bila kurudiwa atakuwa mtu wa namna gani? Baba yao alifunga virago akaniachia wawili, hakuacha na maelekezo. Sina wa kunisaidia jioni nikirudi miguu imevimba, nikute vyombo vichafu na mtu wa miaka kumi na mmoja ananiambia, "Nilikuwa nasoma." Nimelelewa hivyo hivyo mimi, na nimekuwa mtu.

Wewe ndiye wa kuniuliza maswali, Baba? Wewe?

Sekunde umwambie mama yake anampenda, na asipige wenzake.

Mama Dakika


Machi 20

Binti yangu,

Barua hii nimeiandika siku nne. Fundi Viatu anadhani ninaandika wosia.

Jumatatu alikuja mteja, bonge la mtu, shingo kama gogo. Aliogelea na saa isiyotaka maji, nikamfungulia, nikamwonyesha kutu. Akasema nimembadilishia mashine. Akaniita mwizi. Akaniita kibabu. Nikamwambia, "Kijana, hii saa imekunywa maji, wewe umekunywa nini?" Wateja wakacheka, naye akapiga meza yangu ngumi, vyuma vyote vikaruka. Ulivyonijua mimi, unajua nilivyokuwa. Nilisimama. Jasho lilinitoka, mkanda wa saa ukaanza kuniwasha, nikapeleka vidole kwenye kishikizo nijikune. Kujikuna tu.

Sekunde aliacha mikanda yake palepale. Alikuja akasimama ubavuni kwangu, akanikingia viganja viwili vimeunganishwa, kama mtu anayekinga maji. Na uso akaugeuzia ukutani.

Sikuwa nimemwambia neno.

Yule bonge aliona. Ngumi yake ilikuwa bado mezani, akaiondoa polepole. Akasema, "Mzee, huyu mtoto ana nini?" Nikaketi. Akachukua saa yake akaondoka, hakunitukana tena. Viganja vya mtoto vilikuwa bado viko pale.

"Babu, hujanipa."

"Sikupi."

"Sasa utampigaje?"

Nikamwuliza, nyumbani kwenu nani hukupa saa? Akasema, "Mama. Dada akikosa." Nikamwuliza, na wewe unafanya nini? Akasema, "Naishika. Nisipoiangusha, mama anasema mimi mtoto mzuri."

Mwanangu, sikuandikii kukushtaki. Huna mashtaka ya kusomewa na mimi. Nataka niseme jambo ambalo wewe unalijua na mimi ninalijua, na miaka yote hii tumelikalia kama mteja anayekalia kofia ya mwenzake.

Ulikuwa na umri uleule wa Sekunde. Ilikuwa ile saa ya kutia ufunguo aliyoniachia mzee wangu. Saa ya namna ile haitaki kutikiswa, springi inaruka. Basi kabla sijampiga mama yako nilikuwa naivua, nakupa wewe. Nishikie saa. Niliihurumia saa. Nikimaliza nanyoosha mkono bila kutazama, unanipa, nami nakuambia wewe binti mzuri, hujaiangusha. Nilikuwa nakusifu.

Nilijua tangu siku ya kwanza ya mto. Neno lilipomtoka Sekunde nililitambua. Nilicheka wa kwanza, tena kwa sauti, ili watu watazame mtoto wasinitazame mimi. Halafu nikakuandikia eti sijui kaipata wapi. Mzaha ni shuka langu la siku nyingi. Nimelivuta nijifunike uso, sasa miguu yote iko nje.

Utasema niliacha. Ni kweli niliacha. Nikueleze nilivyoacha, maana mama yako alikufa bila kukuambia. Ni mwaka ule ulioondoka kwenda chuo cha uuguzi. Alinikosea kitu, hata sikikumbuki, chai sijui au nini. Nikavua saa. Nikanyoosha mkono kumpa mtu, na hapakuwa na mtu. Nilisimama katikati ya chumba na saa mkononi kama mpumbavu. Mama yako alikuwa ananitazama tu. Sikumpiga, na sikumpiga tena. Nisikudanganye kwamba nilitubu. Nilikosa msaidizi.

Huwa namwita Sekunde mke wangu, utani wa babu na mjukuu, kila mtu huufanya. Tangu Jumatatu sijamwita hivyo tena.

Nakuomba kitu kimoja. Usimpige Dakika. Mkono ukiinuka, toka nje ya mlango, tembea, nenda kwa jirani, nenda kokote. Mwache alivyo na hayo maneno yake mawili. Na kama huwezi, mlete kwangu, au niruhusu nije nimchukue. Siwezi kumlea vizuri, lakini naweza kumlisha, na mkono wangu umezeeka.

Niambie ukweli juu ya ule mkono wake.

Baba yako


Aprili 6

Binti yangu,

Siku kumi na saba. Mimi fundi saa, kuhesabu ndiyo kazi yangu. Hujajibu.

Nikupe habari za mwanao. Nilimrudia mwalimu nikamwambia yote, nami niko kwenye kile kiti cha mateso. Nilitegemea atanifukuza pamoja na mjukuu. Hakunifukuza. Alisema, "Basi tuwape kitu kingine cha kutazama." Sasa kila Jumatatu mimi na Fundi Viatu tunagombana mbele ya watoto ishirini na wawili. Tunagombea kiti. Yeye anasema chake, mimi nasema changu, tunakasirika kweli, na mwisho lazima tupate njia bila kugusana. Siku ya kwanza Fundi Viatu alisahau akanitukana tusi la mtaani, mwalimu akafumba macho. Siku ya pili watoto wakagombea bembea vilevile kama sisi: mikono kiunoni, "Nimekasirika sana, mzee mwenzangu, naomba zamu yangu." Wakaiga kila kitu, pamoja na Fundi Viatu anavyojikuna, na lile tusi pia.

Na kitu kingine mwalimu amekifanya. Amewaambia watoto wote, mtu akikupa mpira wake umshikie ili apige, usipokee. Hata akiwa rafiki yako. Weka mikono nyuma, uniite.

Jumatano Sekunde alisukumwa kwenye foleni ya maji. Akavua mpira. Akampa wa kwanza, yule akaweka mikono nyuma. Akampa wa pili, mikono nyuma. Akazunguka nao darasa zima. Mwisho akakaa chini akalia, akalia kwa kelele mpaka watu wa duka la mbao wakatoka nje. Mwalimu anasema huo ndio mlio wa mtoto. Nilipokwenda kumchukua alikuwa bado ana kwikwi, na mimi nilikuwa nina furaha nikaona haya kuionyesha.

Huyu, basi, anaweza kupona. Ni yule mwingine ninayemfikiria, aliye peke yake na wewe.

Nimekata tiketi ya basi ya Ijumaa, tarehe kumi na saba. Barua yako isipofika kabla ya hapo, nitafika mimi. Nitapiga hodi kama mtu yeyote. Usiponifungulia, nitakaa juu ya ile ndoo.

Baba yako


Aprili 14

Baba,

Usije Ijumaa. Soma kwanza yote ndipo ukasirike.

Nimeandika barua nne nikazichana. Ya kwanza ilikuwa ya kukutukana. Ilikuwa ndefu kuliko zote.

Uliandika kwamba nilikuwa naishika saa. Hukuandika nilichokuwa nakifanya nayo, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo. Nilikuwa naiweka sikioni. Naikandamiza mpaka sikio linauma, ili nisikie yenyewe tu. Na nilikuwa nahesabu. Nilijua kuhesabu mpaka sitini kabla sijaanza shule, nawe ulikuwa unajisifu kwa wateja, mwanangu ana akili, atakuwa daktari. Mama alikuwa akisikia unavyosema hivyo. Alikuwa anatabasamu.

Niliapa sitakuwa wewe. Nadhani kila siku niliamka nikiwa nimeapa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka jana, baada ya baba yao kuondoka. Dakika alinijibu, nikavua saa ya kazini, hii ninayohesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa, nikampa Sekunde. Sikujua kwamba ninasema, nishikie saa. Nilisikia sauti yako chumbani, Baba. Naapa niligeuka kukutafuta.

Na bado nilimpiga.

Hakuna ngazi. Nyumbani hakuna na shuleni kwao hakuna. Nilimvuta mkono alipotaka kukimbilia chumbani. Mfupa umepata ufa. Sikumpeleka hospitali yangu, nilimpeleka nyingine, nikamwambia mganga wa zamu kwamba mtoto ameanguka, naye aliniamini kwa sababu nilikuwa nimevaa sare. Mimi mwenyewe nimewauliza akina mama mia moja wodini, "Kweli ameanguka?" na kuwatazama macho. Mimi hakuna aliyenitazama.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliificha chini ya godoro. Dakika aliipata. Anasoma kila kitu, ndiyo kawaida yake. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta ameketi na ile barua mapajani, hakuificha. Akasema, "Mama, na wewe ulikuwa unashika?"

Nilikaa chini sakafuni.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Nesi Mkuu nikamweleza kila kitu, na la hospitali pia. Niliona afadhali nifukuzwe. Hajanifukuza, lakini hakunibembeleza. Ameandika ripoti, watu wa ustawi wa jamii wamekuja mara mbili. Dakika anakaa kwa Nesi Mkuu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mpaka watakaposema vingine. Kila jioni namwona kwa muda wa saa moja, na mtu mwingine yupo. Kila Jumanne naenda kuongea na mama mmoja ambaye kazi yake ni hiyo. Nimehamishiwa zamu ya mchana. Mkono wake umefunguliwa juzi, vidole vinafanya kazi vyote.

Nimemwomba msamaha. Nilifanya mazoezi njiani kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nikamwambia, nimekukosea, nimekuumiza, hukustahili, na nilimfanya mdogo wako anishikie. Alinisikiliza akiwa anachora kwenye daftari. Siku ya pili akaendelea kuchora. Siku ya tatu akasema, "Mama, mimi sijui mtu akiombwa msamaha anajibu nini. Sijawahi kuona. Babu alipomwomba bibi, bibi alisema nini?"

Nikamwambia sijui, sikuwepo.

Akasema, "Basi muulize. Akikuambia, ndiyo nitakujibu."

Anangoja, Baba. Kila jioni ananiuliza kama barua imekuja. Mwandikie yeye mwenyewe. Ukitaka kuja baadaye, utakuja. Sasa hivi nakuomba jibu.

Mwanao


Aprili 21

Mjukuu wangu Dakika,

Ijumaa sikuja, kama mama yako alivyotaka. Tiketi nimempa Fundi Viatu, kaenda kuwasumbua ndugu zake.

Nimefurahi vidole vinafanya kazi.

Umeuliza bibi yako alijibu nini nilipomwomba msamaha. Mama yako anajua ninavyojibu maswali, huwa naanza na mzaha. Nimeutafuta wa kuanzia hapa, sikuupata, basi nakujibu hivi hivi. Sikumwomba.

Nilipoacha kumpiga niliona imetosha. Niliishi naye miaka kumi na mmoja mingine, idadi ya miaka uliyo nayo wewe, tukala meza moja, na kila siku ilikuwa na nafasi. Wakati mwingine alikuwa anakaa kimya kidogo baada ya kunipa chai, hageuki kuondoka, kama mtu aliyesahau alichofuata. Sasa nadhani alikuwa ananisubiri. Mimi nilikuwa namtania. Nilikuwa nasema, mama, umeganda, nikutie ufunguo? Naye anacheka, anakwenda zake. Alipougua nilijiambia akipona. Hakupona.

Kwa hiyo sijui angesema nini. Huenda angesema sawa. Huenda angenimwagia ile chai. Sikumpa nafasi ya kusema, na hilo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Nilitamani nikuandikie maneno mazuri aliyosema bibi yako, ungeyachukua ukampa mama yako, mambo yangekwisha. Ningeweza kuyatunga. Mimi fundi wa kutunga, muulize mtu yeyote. Lakini ungekuwa umejibu kwa mdomo wa mtu ambaye hakuulizwa.

Wewe umeulizwa. Hapa kwetu ni wa kwanza, hakuna aliyekutangulia umtazame. Ukitaka kusema sawa, sema. Ukitaka kusema bado, hilo nalo ni jibu. Ukitaka kukasirika mwaka mzima, kasirika, una haki, na usimwonee mama yako huruma kabla hujajionea mwenyewe. Ukikosa maneno, nyamaza, yeye akae hapo asubiri. Hilo la kusubiri ni kazi yake sasa, si yako.

Akikuharakisha, niandikie.

Babu yako